Barua Kutoka Ohio

Kichwa cha bwana harusi kilikuwa kimekatwa kwa mkasi. Kwenye picha alibaki bibi harusi tu, ameshika mkono wa koti lisilo na mwenyewe.

"Huyo aliyekatwa ni Alfred Tull, babu ya mama yangu," Bi Jane alisema. "Alikuwa seremala. Mwaka 1871 alikwenda Amerika, akaahidi kumwita mkewe Harriet na mtoto wao. Hakuandika hata mstari mmoja."

Margaret alikuwa amepiga magoti akimvisha soksi. Kwa miaka miwili sasa alikuwa akija kila asubuhi katika nyumba hiyo ya Lewisham, London, kumwogesha Bi Jane, kumpa dawa na kumpikia uji. Bi Jane alikuwa na miaka themanini na sita na hakuwa na ndugu aliyebaki.

"Nisaidie kumtafuta," alisema. "Nataka kujua alioa nani kule. Mtoto huyo, Ellen, ndiye bibi yangu. Hata alipofika miaka themanini, mtu wa posta akipita, alikuwa anasimama dirishani. Nilimwona kwa macho yangu."

Margaret aliinyoosha soksi kisiginoni. "Hayo ni mambo ya kale, Bi Jane. Ukiyafukua yatakuumiza bure."

"Wewe ndiye wa kunielewa. Wewe mwenyewe uliachwa."

Hadithi ya Margaret ilijulikana. Kanisani walimwombea mara nyingi: mama aliyekuja Uingereza na mtoto wa miaka minne, mume akabaki Nakuru, akawasahau. Tatiana, binti yake, sasa alikuwa na miaka kumi na sita. Mchungaji alipenda kumtaja Margaret katika mahubiri, naye kila alipotajwa aliinamisha kichwa.

Akavuta soksi ya pili. "Haya. Tutajaribu."

Walitafuta kwa majuma sita, Margaret akibonyeza tableti, Bi Jane akisoma kwa miwani miwili. Walimpata Alfred kwenye orodha ya abiria wa meli iliyotoka Liverpool. Wakampata tena kwenye sensa ya mwaka 1880, katika mji mdogo wa Ohio. Alikuwa amepanga chumba. Mbele ya jina lake karani aliandika: ameoa. Lakini chumbani hakuwa na mke.

"Mke wake wa huko lazima alikuwa safarini," Bi Jane alisema kwa ukali. Jioni hiyo Margaret aliandikia maktaba ya mji ule.

Jibu lilimkuta akiwa ndani ya basi. Alilisoma mara mbili, akapitiliza kituo chake. Asubuhi yake hakumwambia Bi Jane. Wala kesho yake. Siku ya tatu, Jumamosi, Bi Jane alimshika mkono.

"Wamejibu, sivyo? Unashindwa kunitazama."

Margaret akaketi, akamfungulia picha walizotuma. Alfred alikufa mwaka 1903, peke yake, bila mke mwingine. Chini ya kitanda chake walikuta sanduku la barua, zaidi ya mia mbili, alizoandika mwenyewe kwenda London. Zote zilikuwa zimerudi zikiwa zimefungwa. Juu ya kila bahasha, kwa wino, mtu alikuwa ameandika: *Imekataliwa. Irudishwe.*

Bi Jane alitazama mwandiko ule kwa muda mrefu. Kisha akaomba aletewe Biblia ya ukoo. Kwenye ukurasa wa kwanza Harriet alikuwa ameandika siku aliyozaliwa Ellen. Mwandiko ulikuwa uleule, wenye herufi za mikia mirefu.

Maktaba ilikuwa imefungua barua moja tu, ya mwaka 1889. Margaret aliisoma kwa sauti. "Harriet, kama hutaki kuja, usije. Sitakulazimisha. Lakini Ellen ana miaka kumi na tisa sasa. Mwambie tu kwamba baba yake yuko hai."

Bi Jane alilia kama watoto wanavyolia, mdomo wazi. Margaret alimfuta uso kwa taulo.

"Bibi yangu alikufa akimlaani baba aliyempenda," Bi Jane alisema. "Mwanamke gani anaweza kumfanyia mtoto wake hivyo?"

"Huenda alikuwa na sababu."

"Sababu gani? Nitajie moja."

Margaret alikwenda jikoni kuosha sufuria ambayo alikwisha kuiosha.

Alifika nyumbani Thamesmead alasiri. Tatiana alikuwa mezani na vitabu vyake vya mitihani. Margaret hakuvua koti. Alisimama palepale akamsimulia yote, tangu meli mpaka sanduku, maneno yakimtoka kwa haraka kama mtu anayeogopa kukatizwa.

Tatiana aliacha kuandika. Aliposema, alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake. "Angalau huyo Ellen alikuwa na baba aliyeandika."

"Tati."

"Nasema tu, Mama. Usilie. Mimi nina wewe." Akainuka, akamkumbatia. "Wewe hujawahi kuniacha."

Margaret alimshika kwa nguvu, kisha akajitoa polepole, akasema anakwenda kunawa uso. Alifunga mlango wa bafu kwa ufunguo, akafungua bomba, akatoa simu mfukoni.

Ujumbe wa Naftali, mumewe, ulikuwa umeingia kutoka Nakuru, kama ulivyoingia kila Jumamosi kwa miaka kumi na miwili: "Leo tu, Margaret, nimsikie mwanangu sauti." Akaufuta, akafunga bomba, akatoka kumuuliza Tatiana kama angependa chai.