Dagaa Mmoja Mkavu

Mwalimu wa ufundi alitaka tukosoane kazi zetu. Darasa zima likaandika "safi sana" kwenye vikaratasi na kuvibandika kwenye kichanja changu cha kuanikia dagaa. Vumilia peke yake hakuandika kitu.

Alifungua leso yake, akatoa dagaa mmoja mkavu, akamlaza juu ya wavu na kukitikisa kichanja kidogo.

Dagaa akapenya kwenye tundu, akadondoka sakafuni.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa tumbaku kule Ushetu. Matundu niliyapima kwa dagaa wabichi, na sikujua kwamba wakikauka wanasinyaa kiasi kile.

"Mama yangu anaanika dagaa kule Nkome, ziwani," alisema Vumilia kwa sauti ya chini. "Kesho akina mama waanikaji wakija kukijaribu, hawatakukosoa. Watakusifia tu, halafu wasikitumie."

Nilipiga goti nikamwokota yule dagaa. Kiganjani sikuhisi hata uzito wake.

"Wabeja," nilimwambia. Shukrani ya nyumbani ilinitoka kabla ya ile ya darasani.

"Utanishukuru baadaye," alisema, huku akibandua vikaratasi. "Leta plaizi, tuung'oe huu wavu."