Picha ya Roketi

"Harusi ya nani, mama?" fundi aliuliza, pini zikiwa mdomoni.

Alikuwa amepiga magoti akipima pindo la gauni la zambarau. Mteja mwenyewe alikuwa amesimama juu ya stuli, peku, mgongo wima, wala hakutaka kujitazama kwenye kioo. Fundi huona miguu ya watu kutwa nzima na kuisahau. Huu wa kushoto haukusahaulika. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimempanda mwenzake, kikakaa hapo juu kwa raha zake kama mgeni asiyeaga. Fundi alijizuia kucheka.

"Yako," mteja akasema.

Pini zikamtoka fundi mdomoni.

Shangazi yake, aliyekuwa kwenye kona akishona vifungo, aliinua kichwa. Mwanamke alipoingia hakumtambua, maana miaka humnenepesha mtu na kumgeuza nywele. Sauti ndiyo iliyomuumbua.

"Una macho makavu wewe," Shangazi alisema.

"Hujambo, wifi. Naona bado unashona vifungo vinavyodondoka."

Fundi hakuhitaji kuambiwa zaidi. Maisha yake yote alikuwa ameimbiwa wimbo mmoja: mama yako alikuacha hujaota hata jino, akaenda kutafuta starehe zake. Baba aliuimba hivyo mpaka anaingia kaburini. Shangazi ndiye aliyemlea, ndiye aliyemfundisha cherehani, na Jumamosi ndiye angekaa kiti cha mbele, kiti cha mama wa bibi harusi. Hilo halikuwa na mjadala.

"Umekuja kuomba nini?" Shangazi akauliza.

"Siombi kitu. Nimeleta kitambaa changu nishonewe. Jumamosi nitakuja nimekivaa. Mkininyima kiti nitasimama, miguu ninayo. Mkinifukuza ukumbini nitasimama getini, na kila anayepita nitamwambia anayeolewa humo ni mwanangu. Nimejificha kama mwizi miaka yote hii, na sikuiba kitu."

"Uliniacha sijaota meno," fundi alisema. Alitaka kusema kwa ukali. Sauti ikatoka ndogo, ya kitoto, na hilo likamuudhi zaidi.

"Nilifukuzwa ukiwa unaimba. Unaimba, na mimi nikikosea unanisahihisha. Nilitoka sokoni nikakuta baba yako amebadilisha kufuli. Wiki hiyo hiyo tulikuwa tumekwenda wote bustani ya bembea. Uligoma kutembea, nikakubeba tangu getini."

Shangazi akacheka, kicheko cha mtu aliyeletewa ushindi mezani. Alinyanyuka, akaenda ukutani na kuiangua picha ambayo kila mteja wa chumba kile aliijua.

Ilikuwa picha ya zamani, rangi zake zimekuwa za chai ya maziwa. Ilipigwa kwenye bustani hiyo hiyo ya bembea. Ubao mkubwa umechorwa roketi, na roketi ina madirisha matatu ya duara yaliyotobolewa, yote kwenye mstari mmoja. Kila dirisha limetokeza uso. Baba kushoto, Shangazi katikati, na kulia fundi mwenyewe, mtoto wa miaka miwili au mitatu, kinywa wazi, meno yote nje. Hakuna kitu fundi alichokipenda kama picha ile. Siku za huzuni alikitazama kile kicheko chake, akajua kwamba aliwahi kupendwa.

"Bustani ya bembea ndiyo hii hapa," Shangazi alisema, akigonga kioo kwa ukucha. "Nyuso tatu. Nionyeshe wewe uko wapi."

"Nilikuwepo."

"Labda wewe ndiye uliyepiga picha?" fundi akauliza. Hakujua kwa nini alikuwa akimtafutia njia.

"Hapana. Alipiga mpiga picha wa pale pale. Sidanganyi ili nipewe kiti."

"Sasa atasema kaka yangu alimkata kwa mkasi," Shangazi akadakia. "Ngoja."

Akaigeuza fremu, akakunjua misumari midogo ya nyuma, akaichomoa picha. Fremu ilikuwa fupi kuliko picha, kwa hiyo sehemu ya chini ilikuwa imekunjwa kwa nyuma miaka yote ili ienee. Shangazi aliinyoosha kwa kiganja, akaipitisha mbele ya macho ya fundi pembe kwa pembe.

"Umeona mkasi hapo? Picha nzima, haijaguswa. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Huyu baada ya kukuachisha ziwa hakukubeba hata siku moja." Akamkabidhi. "Shika mwenyewe. Mwenye macho haambiwi tazama."

"Mwache atazame," mteja alisema. Hakushuka kwenye stuli. "Akimaliza, gauni langu bado halina pindo."

Fundi aliipokea hapo hapo magotini. Akamwangalia Baba. Akamwangalia Shangazi. Akajiangalia mwenyewe akicheka, uso wake umelingana na nyuso za wakubwa. Halafu macho yake, kwa mazoea ya kazi, yakashuka mpaka chini, kwenye kipande ambacho fremu ilikuwa haijawahi kumwonyesha.

Ubao wa roketi haukufika ardhini. Chini yake, kwenye nyasi, vilisimama viatu vyeusi vya Baba, na kando yake viatu vyeupe vya Shangazi. Na chini ya uso wa yule mtoto anayecheka ilisimama miguu ya mtu mzima ndani ya kandambili, kidole cha mwisho cha kushoto kimempanda mwenzake.