Marahaba ya Mama

Siku hizi marehemu hazikwi mzima. Sauti na kumbukumbu zake, zilizonakiliwa mwaka hadi mwaka akiwa hai, hubaki kwenye kompyuta ya nyumbani, na wanawe humwamkia kila asubuhi.

Kompyuta alimokuwa mama yake Mwanakombo iliungua. Fundi alihangaika nayo, mwishowe akashusha pumzi.

"Nakala za karibuni zote zimekufa, dada. Imepona moja tu, ya zamani." Akamwonyesha mwaka.

Mwanakombo akautambua. Ndio mwaka aliotoroka kwenda kuolewa, mama akaapa kutomwitikia salamu maisha. Radhi aliitoa baadaye sana, akiwa mahututi.

Fundi aliiwasha, akaamkia yeye kwanza. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Sauti ilikuwa ileile, ya upole.

Mwanakombo akasogea. "Shikamoo, mama."

Taa ya kijani, ya kuonyesha kwamba mama anasikia, iliendelea kuwaka.