Wiki Mbili za Kumpumzisha Mama

"Ashura, chumvi umeshatia. Usitie tena."

Sauti ya baba yake ilimpokea Raudha kabla hajashuka kwenye bodaboda. Alichukua mfuko wake, akasimama kidogo kando ya uzio ili avute pumzi. Tangu alfajiri alikuwa njiani kutoka Kongowe ya Kibaha kuja huku kijijini Masaki, na jana yake kutwa alikuwa ameinama akiosha trei za mayai kwenye mabanda ya kuku anakofanya kazi. Mgongo ulimuuma. Lakini kilichomchosha zaidi ni sauti ile.

Mzee Maneno alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa jiko, palepale alipomwacha mwezi uliopita. Kiharusi kilimchukua mkono na mguu wa kushoto. Ulimi kilimwachia.

"Ashura, Raudha huyo kaja. Binti yako, katoka Kibaha."

"Shikamoo, baba. Mama ana macho, ananiona."

"Marahaba. Karibu."

Mama yake alitoka jikoni akifuta mikono kwenye khanga, akatabasamu uso mzima, akamkumbatia. "Karibu, mwanangu. Karibu sana."

Hayo ndiyo maneno mengi aliyoyasema siku ile. Mengine yote yalikuwa ya mzee. Ashura, kuni ziko nyuma ya pipa. Ashura, huo muhogo umeshaumenya, teleka sasa. Ashura, adhuhuri umeshasali, kaa. Na mama akakaa. Alitii kila neno bila kununa, kama msichana aliyeanza kazi jana kwenye nyumba ya watu.

Kama mzee angekuwa hajiwezi, Raudha angevumilia. Lakini alikuwa anajiweza. Alipotoka hospitali, Raudha na kaka yake Mudathir walimleta fundi. Akafunga mabomba ya kushikia ukutani hadi chooni, akainua kitanda, akasawazisha kizingiti. Mzee alikuwa anakwenda chooni mwenyewe, anaoga mwenyewe, shati anavaa kwa mkono mmoja. Nesi anayewazungukia wazee majumbani alimsifu mbele za watu. Kitu kimoja tu kilimshinda: kumwacha mkewe apumue.

Jioni, mama akipepeta mchele, Raudha alimkalia karibu.

"Mama, huchoki?"

Mama aliinua macho kwanza, akamtazama mumewe kule mlangoni.

"Mama yako hajambo," alisema Mzee Maneno.

"Nimemwuliza mama."

"Sijambo, mwanangu," mama akasema upesi, akarudi kwenye ungo.

Jicho lile lilimmaliza Raudha. Alikwenda hadi nyuma ya mikorosho, akampigia Mudathir simu. "Mama anamwogopa," alisema. "Anaomba ruhusa hata ya kujibu salamu. Mimi nimechoka kutazama."

Kesho yake asubuhi Mudathir alifika na gari la rafiki yake. Walikuwa wameshakubaliana: mzee atakaa Kongowe kwa Mudathir wiki mbili, kuna mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakayemshughulikia ule mkono. Huku nyuma mama apumzike.

"Sawa," alisema Mzee Maneno. "Tutakwenda wote."

"Mama anabaki, baba. Anahitaji kupumzika."

"Kupumzika na nini?"

Mudathir aliangalia viatu vyake. Mzee aliwatazama wanawe, mmoja baada ya mwingine, akaelewa kuwa ni yeye.

"Nani atabaki naye?"

"Mimi," alisema Raudha. "Nimeshaomba ruhusa kazini."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Usitoke hata dukani ukamwacha."

"Mama si mfungwa, baba."

Mzee alimtazama mkewe. Akashika bomba, akajiinua, akaenda mwenyewe hadi kwenye gari, hatua kwa hatua, bila kukubali kushikwa. Alipokwisha kuketi alimwita Raudha dirishani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwambie nimekwenda kwa Mudathir. Akiuliza, mwambie tena. Usichoke kumwambia."

Raudha aliitikia kwa kichwa ili yaishe. Hata anapoondoka, aliwaza, anataka atajwe yeye tu.

Gari likapotea nyuma ya mashamba ya mihogo. Uwanja ukawa kimya, kimya ambacho Raudha hakukumbuka kukisikia tangu azaliwe. Alisikia kuku wakichakura. Alisikia shoka la mtu mbali huko porini. Mabega yake yakashuka yenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu mfungo uishe aliona anaweza kulala mchana.

Alitandika mkeka kivulini, akamkalisha mama yake.

"Leo napika mimi. Wewe nyoosha miguu tu. Hakuna wa kukuita."

"Ahsante," alisema mama.

Raudha aliingia ndani kutafuta mto. Alipotoka, mkeka ulikuwa mtupu. Mama yake alikuwa amesimama katikati ya uwanja, sufuria tupu mikononi. Alitazama jiko, akatazama pipa, akatazama njia. Kisha akamwona Raudha mlangoni, akamsogelea polepole, akainamisha kichwa kwa adabu, kama mgeni aliyefika kwa watu.

"Samahani, dada," alisema. "Yule mzee anayenielekeza, hayupo? Nilitaka kumwuliza, hapa ni kwa nani."