Mkunjo wa Ubavuni

Miezi ile yote Mzee Faki alitembea kila alfajiri mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Chai alikunywa kavu, wali akauacha, akabaki na mboga na samaki, hata majirani wakaanza kunong'ona kwamba ana maradhi. Wala hakuumwa. Alitaka tu kanzu aliyoshonewa na marehemu mkewe imwenee siku ya harusi ya mtoto wao wa mwisho.

Asubuhi ya harusi, binti yake mkubwa, Raya, aliigeuza kanzu ndani nje ili aipige pasi. Mara akasita.

“Baba, hebu njoo uone. Mama alikunja kitambaa kingi huku ubavuni. Ungefumua mshono tu, ingekutosha na tumbo lako lile.”

Mzee Faki akaupapasa ule mkunjo, mpana kama kiganja.

“Alijua nitanenepa,” akasema. “Alidhani atakuwepo, anipikie.”

Akaivaa. Ikamkaa sawasawa, na kitambaa kilichokunjwa kikamlalia mbavuni, pale tumbo lilipokuwa. Nje walishaanza kumwita, naye bado amekishikilia kwa viganja viwili.