Kanga Juu ya Paa

Itangazwe kwa wote wanaoangaziwa na jua: Tunukiwa alifunga pampu ya mtihani wake, katika chuo cha utafiti wa umeme wa jua, bila kosa hata moja.

Haya, moja. Pampu haikutoa hata tone.

Alikagua nyaya upya, kijasho kikimtoka. Akifeli atarudi kwao bila cheti, na mama yake ataendelea kuvuta maji kisimani kwa kamba.

"Muda bado upo, Mwalimu?"

"Kidogo," alisema Mzee Mbaruku, msimamizi wa mtihani, akitazama paa. "Jua kali hili, binti yangu. Huna kitambaa nijifutie jasho?"

Tunukiwa akashtuka. Chuoni wanafunzi hufunika paneli kabla ya kugusa nyaya, umeme usiwarushe. Kanga ya mama yake ilikuwa bado imeifunika paneli gubigubi.

Akapanda ngazi mbio, akaivuta. Pampu ikakohoa, maji yakaruka.

"Nilisahau kufunua. Ahsante, Mwalimu, umeniokoa!"

"Mimi? Nilitaka kitambaa tu."

Uso wake ulikuwa mkavu kabisa. Akaipokea kanga, bado ya moto, akajifuta jasho ambalo hakuwa nalo.

"Usinitangaze," akanong'ona.

Samahani, Mzee. Tumeshatangaza.