Kikohozi cha Sarara

"Sarara, mwanangu, si paja," bibi alisisitiza. "Meno haya ya bandia hayataki ugomvi."

Muuza nyama alicheka kwa mdomo tu. Vipande viwili mbele yake vilikuwa vimeganda kama mawe, na macho yake yaliyoingia ukungu yaliona wekundu mtupu. Siri hiyo aliijua mkewe peke yake. Mkono ukigusa sarara, mke aliyekaa nyuma yake hukohoa mara moja. Ukigusa paja, mara mbili. Mwaka mzima hawajakosea.

Leo mke ana mafua.

Akagusa cha kushoto. Mke akakohoa mara tano. Akagusa cha kulia. Mke akajibana, akajibana, akapiga chafya.

Jasho likamtiririka mpaka kwenye mpini wa kisu. Bibi huyu akijua, mtaa mzima utajua, na nani atanunua nyama kwa kipofu? Vidole vikarudi kushoto.

Bibi akageuka kutazama mlangoni kama kuna mtu anaingia. Kisha akainama juu ya kaunta, karibu kabisa na sikio lake, akakohoa mara mbili.